Kisagio cha bilauri na jiwe la pilipili

Wako watu, wengi wao Ulaya na Marekani, ambao starehe yao ni kukusanya visagio vya zamani vya chumvi na pilipili manga. Hawatafuti vile vya mbao vinavyouzwa kila duka. Wanatafuta vya kioo cha thamani, kioo kizito kilichochongwa kwa mkono na kuvishwa shingo ya fedha, vilivyotengenezwa kwa ajili ya meza za matajiri waliokufa zamani. Mkusanyaji akikipata kimoja hukipindua chini juu kabla ya kuuliza bei. Anatafuta alama ya fundi. Anapitisha kidole kwenye mchongo: ukikwaruza, kilichongwa kwa gurudumu, ukiwa mviringo na laini, kilimiminwa tu kwenye kalibu. Anakigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio. Anasoma chapa ya fedha, na akiona nanga anajua kwamba fedha hiyo ilipimwa Birmingham. Kisha anafungua kichwa kutazama meno ya chuma, maana chumvi inakula chuma, na kisagio kilichokaa na chumvi miaka hamsini kinaweza kuwa kizuri nje na kutu tupu ndani.

Ndugu wasomaji, mimi watu hawa nawaonea wivu. Fedha yao na kabati zao siwatamanii. Ninachowaonea wivu ni kwamba chombo kidogo cha mezani, ambacho kazi yake ni kuvunja punje za pilipili, kina maneno ya kutosha kujaza kitabu: kila sehemu ina jina, kila kosa la fundi lina jina, kila mwaka una chapa yake. Sisi wa kitivo cha lugha, tulio na mawe ya kusagia na vinu katika kila kijiji kutoka Sake hadi Walikale, ni nani kati yetu anaweza kuandika kurasa mbili juu ya jiwe moja la pilipili la Kibua? Hoja yangu ndiyo hiyo, na nitaifikia kwa njia ya mzunguko kidogo, kwa sababu kisagio chenyewe kina mengi ya kutufundisha.

Kioo hiki si cha zamani kama watu wanavyodhani. Mwaka 1674 Mwingereza George Ravenscroft alipata hati ya kutengeneza kioo cha aina mpya, na baada ya majaribio siri yake ikawa oksidi ya risasi, yaani ile risasi ya madini. Risasi inakifanya kioo kiwe kizito, kichongeke kwa urahisi, kipinde mwanga hadi utoe rangi, na kilie kama kengele kikigongwa. Wafaransa walikuwa na kiwanda cha Baccarat tangu 1764. Wabelgiji wakaanzisha Val Saint Lambert mwaka 1826, karibu na mji wa Liège. Mwaka 1969 Jumuiya ya Ulaya iliweka sheria ya majina: kioo kisichofika asilimia 24 za oksidi ya risasi hakiruhusiwi kuitwa kristali ya risasi. Tazameni hilo vizuri, wanaisimu wenzangu. Serikali kadhaa zilikaa kikao ili kuamua neno moja linahusu nini na halihusu nini, na neno hilo ni la bilauri za mezani.

Meno ya kusagia yana historia yake. Kampuni ya Peugeot, ambayo sisi tunaijua kwa magari, ilitoa kisagio chake cha kwanza cha pilipili manga mwaka 1874, kabla haijatengeneza gari lolote. Meno yake ya chuma yana mifereji ya aina mbili: ya juu inaivunja punje, ya chini inaisaga. Hapo kuna akili, kwa sababu pilipili manga ina mafuta yanayobeba harufu, na mafuta hayo yanaruka mara punje inapopasuka. Iliyosagwa wiki iliyopita imebaki na ukali bila harufu. Chumvi haina shida hiyo hata kidogo. Haina harufu ya kupoteza. Chumvi iliyosagwa mwaka jana ni chumvi ileile, kwa hiyo kisagio cha chumvi kipo kwa ajili ya kuwa pacha wa kile cha pilipili, basi. Kwa karne nyingi Wazungu wenyewe waliweka chumvi mezani katika kibakuli wazi chenye kijiko kidogo, na kama kibakuli ni cha fedha walikitia kioo cha bluu ndani ili chumvi isile fedha. Mwaka 1911 kampuni ya Morton ya Marekani iliichanganya chumvi na kabonati ya magnesi ili isigandamane hewani, ndipo ikaweza kumwagika vizuri kupitia matundu madogo. Ninayasema haya kwa sababu mara nyingi tunadhani anasa ya wenzetu ina sababu ya maana tusiyoifahamu. Mara nyingine haina.

Sasa tuje kwenye lugha. Kioo hiki tukiiteje? Wengine wataandika kristali, wengine fuwele kama wanafunzi wa kemia. Lakini Kiswahili kilikuwa na neno siku nyingi: bilauri. Limetoka katika Kiarabu na Kiajemi, ambako maana yake ni fuwele yenyewe, jiwe linalopenya mwanga. Pwani likawa jina la gilasi ya kunywea, maana gilasi nzuri zilizoletwa na majahazi na meli zilifanana na fuwele. Neno likashuka daraja pole pole, kutoka jiwe la thamani hadi chombo cha maji. Katika Kivu hatukulipokea. Tunasema kilasi, au vere kutoka Kifaransa, na mtu akisema bilauri huku kwetu wanafunzi wanamtazama kama mtu aliyetoka katika kitabu. Mimi napendekeza tulirudishe neno hili mahali pake pa kwanza, liwe jina la kioo cha risasi: kisagio cha bilauri. Halitaudhi mtu, na litatuepusha na kristali.

Watu wa pwani nao walikuwa wakusanyaji, na walikuwa wakusanyaji kabla ya Peugeot na kabla ya Ravenscroft. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, na ndani yake waliweka sahani za kauri za China na vyombo vya kioo kwa ajili ya kutazamwa. Makaburi ya kale ya pwani yalipachikwa mabakuli ya kauri. Utenzi wa Al-Inkishafi unaomboleza majumba ya Pate yaliyoanguka, na miongoni mwa vitu vinavyoombolezwa ni hivyo vidaka vya sahani ambamo sasa ndege wanalea makinda. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kupenda chombo kwa ajili ya kukitazama ni ugonjwa wa Wazungu.

Huku bara chombo chetu cha kuvunjia chumvi na pilipili hakikuwekwa kidakani. Kilikaa sakafuni karibu na mafiga. Nyumba nyingi za Masisi na Walikale zilikuwa nacho, na nyingi bado zinacho: jiwe kubwa la kusagia nafaka na mihogo mikavu, kinu kikubwa cha kutwangia sombe, na pembeni jiwe dogo au kinu kidogo ambamo pilipili mbichi inapondwa pamoja na munyu hadi itoe maji, kisha inaletwa mbele ya wageni pamoja na bugali. Hicho kidogo ndicho kisagio chetu cha chumvi na pilipili. Kinasaga vyote viwili kwa pamoja, na chumvi hapo ina kazi ya kweli, kwa sababu ukali wa punje zake ndio unaopasua ngozi ya pilipili. Fundi wa Peugeot angeelewa mara moja.

Tazameni tena maneno. Kifaransa kina mortier na moulin, vyombo viwili, na mwanafunzi anayetafsiri hana budi kuchagua. Kiswahili kina kinu: kinu cha kutwangia, kinu cha kusagia, kinu cha mafuta, kinu cha upepo, hata kinu cha nyuklia siku hizi. Jina ni moja kwa sababu tofauti tunaiweka kwenye kitenzi. Kutwanga si kusaga, kusaga si kuponda. Kupaaza ni kusaga bila kulainisha. Kukoboa ni kuondoa ganda tu. Kuseta ni kuvuruga kitu laini, kufikicha ni kazi ya vidole bila chombo chochote. Lugha inayotenganisha vitendo hivi vyote ni lugha ya watu waliosaga sana, au tuseme ya wanawake waliosaga sana, kwa maana kazi hiyo haikuwa ya baba.

Lakini katika jiwe lenyewe Kiswahili chetu kinapwaya. Tunasema jiwe la kusagia, la chini na la juu, yamekwisha. Kinyarwanda, ambacho kinasemwa na majirani zetu wengi wa Masisi, kinatenganisha: urusyo ni lile la chini linalotulia, ingasire ni lile la juu linaloshikwa kwa mikono. Ni vyombo viwili, na jina la la kwanza limetokana na kitenzi cha kusaga. Lugha za Kihunde na Kinyanga nazo zina majina yake kwa mawe hayo. Hapo ndipo ninapowauliza wanafunzi wenzangu wenye mama zao huko: mnayajua? Na kama mnayajua, yameandikwa wapi ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyasoma?

Chumvi nayo tuiangalie kidogo. Sanifu inasema chumvi. Sisi tunasema munyu, na mara nyingi tunasahihishwa darasani kama watu waliokosea. Kamusi zinalitaja munyu kuwa kisawe cha chumvi, na Kinyarwanda kinasema umunyu, Kiganda omunnyo. Ni neno la Kibantu la kale, limeenea katika eneo kubwa kuliko lile tunaloambiwa ni sahihi. Lina umri wa biashara nzima: ziwa la Katwe, karibu na Ziwa Edward upande wa Uganda, lilikuwa linalisha chumvi watu wa pande zote mbili za mpaka wa leo, na mwaka 1891 Lugard alijenga ngome hapo kwa sababu mwenye Katwe alikuwa na mali mkononi. Huko Uvinza, Tanzania, watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na katika misitu ya Kongo, mbali na maziwa hayo, watu walichoma majani ya majini, wakachuja majivu, wakachemsha maji yake hadi kubaki unga wa kijivu wenye ladha ya kuuma. Baadaye chumvi ya madukani ilikuja, na katika nyakati za Leopold na miaka iliyofuata wachuma mpira walilipwa mara nyingi kwa chumvi. Kijiko cha chumvi kilikuwa mshahara. Mtu anayesaga munyu kwenye jiwe la babu yake anagusa haya yote, hata kama yeye anawaza bugali tu.

Kibua iko kwenye barabara inayotoka upande wa Masisi kwenda Walikale-centre, na ndiyo barabara ambayo ingetufikisha Kisangani kama ingepitika. Wengi duniani wanalijua jina la Kibua kwa jambo moja. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, vikundi vyenye silaha viliingia katika vijiji 13 kwenye kipande cha Kibua na Mpofi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha, katika ripoti yao ya kwanza, kwamba watu wasiopungua 303 walibakwa, wengi wao wanawake na wasichana, kwamba watu 116 walichukuliwa kwa nguvu, na kwamba nyumba zisizopungua 923 na maduka 42 yaliporwa. Idadi ya waliobakwa iliongezeka uchunguzi ulipoendelea. Siandiki haya ili kuyafanya kichocheo cha makala ya vyombo. Waliopatwa wanajua uzito wake na sisi hatuna haki ya kuupima. Naandika kwa sababu ya ile namba 923. Ni orodha ya nyumba. Ndani ya nyumba zile kulikuwa na nini? Sufuria, magodoro, mbuzi, redio, nguo za kitenge, vitu vinavyobebeka. Mawe ya kusagia hayaporwi, ni mazito na hayana bei sokoni. Yanabaki. Wenye kuyatumia ndio wanaoondoka.

Na wameondoka mara nyingi tangu hapo. Machi 2025 wapiganaji wa M23 walifika Walikale-centre yenyewe, na mwezi mmoja kabla kambi za wakimbizi pembeni mwa Goma zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mama aliyetembea na watoto watatu na chungu kichwani hakubeba jiwe. Huko alikofika ananunua unga uliosagwa na mashine ya mazuti, na pilipili anaiponda kwa chupa ndani ya sahani ya plastiki. Baada ya miaka 10 binti yake ataijua pilipili, ataujua munyu, lakini jina la lile jiwe dogo hatakuwa na sababu ya kulijua. Neno halifi kwa sababu ya kupigwa marufuku tu. Linakufa kwa kukosa kitu cha kulishika.

Tuna pia orodha ya pili, kinyume cha ile ya kwanza. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu kama 84,000 vya kutoka Kongo vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren. Makumbusho hayo yalizaliwa na maonyesho ya mwaka 1897, ambapo sonara wa Brussels, Philippe Wolfers, na wasanii wenzake walionyesha sanamu za pembe za tembo wa Kongo, pembe ambazo dola ya Leopold ilizitoa kwa wasanii ili soko lake likue. Pembe, fedha na bilauri vilikuwa kazi za karakana zilezile na meza zilezile. Kwa hiyo mnaona, ile meza ya visagio vya anasa haiko mbali na sisi kama nilivyoanza kwa kusema. Juni 2022 mfalme Philippe alikuja Kinshasa na barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, akaiacha katika makumbusho ya taifa kama mkopo usio na mwisho. Mkopo wa kitu chako mwenyewe ni fumbo la kisheria ambalo nawaachia wa kitivo cha sheria.

Orodha ya Kibua ina nyumba bila vyombo. Orodha ya Tervuren ina vyombo bila nyumba. Zote mbili hazina maneno yetu.

Majirani zetu wa kusini, Walega, walilielewa jambo hili kuliko makumbusho yoyote. Katika chama cha Bwami vitu vidogo vya pembe na mti, sanamu, vijiko, vinyago vya kiganja, vilitolewa kapuni wakati wa kuingizwa daraja, vikashikwa, vikapakwa mafuta, na kila kimoja kikasemewa methali yake. Daniel Biebuyck, aliyekaa kwao miaka ya 1950 na kuandika kitabu chake cha 1973, alionyesha wazi kwamba sanamu peke yake haina maana moja. Maana inakuja na methali inayosemwa mtu akiwa ameishika. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na vitu vikaanza kusafiri. Mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa vitu vya Walega alikuwa Jay Last, Mmarekani, mmoja wa wale wanane walioanzisha kampuni ya Fairchild mwaka 1957, iliyo katika mizizi ya kompyuta zote za leo. Mkusanyo wake uliingia katika makumbusho ya Fowler huko Los Angeles, na mwaka 2001 ukatolewa kitabu kizuri cha Elisabeth Cameron juu yake. Simlaumu marehemu; vitu vimetunzwa, vinaonekana, vimeandikwa. Ila siwezi kujizuia kutikisa kichwa nikifikiri kwamba mtu wa elektroniki alikuwa na vijiko vya pembe vya Walega kabatini, wakati elektroniki yenyewe inachota koltani ya Rubaya, Masisi.

Hapa ndipo kitivo chetu kinapoingia, au kingepaswa kuingia. Pitia kazi za mwisho wa masomo rafuni. Methali za kabila fulani. Vitendawili. Majina ya watu na maana yake. Na Mwindo, tena Mwindo, na Mwindo mara nyingine. Sina ugomvi na Mwindo: Candi Rureke alimsimulia mwaka 1956 kwa siku 12, akiimba na kucheza, na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakamtoa kitabuni mwaka 1969, na Mateene alikuwa mtu wetu, mwana wa Wanyanga, mwanaisimu aliyetoka nchi hii ya Walikale. Ni kazi kubwa. Lakini shujaa aliyezaliwa na usinga mkononi amekwisha pata watafiti wake. Mama aliyempikia Rureke kwa siku zile 12 alisaga kwa nini? Kilikuwa kinaitwaje?

Na pale ambapo maneno ya jikoni yameandikwa, nani ameyaandika? Mjapani Shigeki Kaji alitoa Tokyo msamiati wa Kitembo, Kitembo kwa Kiswahili cha Zaire kwa Kijapani kwa Kifaransa, kisha mwaka 1992 msamiati wa Kihunde. Namheshimu sana. Angalieni hasa kwamba aliandika Kiswahili cha Zaire, kile chetu, bila aibu, wakati sisi bado tunajadiliana kama munyu linaruhusiwa katika insha. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba mtoto wa Masisi anayetafuta maneno ya bibi yake lazima atafute kitabu kilichochapwa Japani.

Najua walimu wangu wawili watatu watanijibu nini. Wa kwanza atasema huu si wakati wa mawe. Watu wana njaa, barabara imefungwa, na wewe unataka kuuliza jina la kinu. Nakubali watu wana njaa. Lakini kitivo cha lugha hakigawi unga, hakijawahi kugawa unga, na kikiacha kazi yake hakuna gunia litakaloongezeka Kibua. Tena watu waliofukuzwa nyumbani si wakavu wa maneno. Kaa na akina mama wanaochambua sombe mahali walipohamia, uulize habari za jikoni la nyumbani, uone kama watakunyamazia.

Wa pili atasema kukusanya ni tabia ya wakoloni. Hilo ni zito zaidi. Jibu langu ni kwamba tukusanye maneno na tuache mawe yalipo. Mkusanyaji wa visagio vya bilauri lazima akitoe kisagio kwenye nyumba moja ili kiingie kwake. Neno halitoki kwa mwenyewe linapoandikwa. Hata hivyo tuwe waangalifu. Yapo maneno ambayo mama hatataka kumwambia kijana wa kiume, na vipo vyombo ambavyo mtu asiye wa nyumba hagusi. Tukiambiwa hapana, tuandike kwamba tumeambiwa hapana, tuondoke.

Wa tatu, na huyu namwogopa zaidi kwa sababu ni rafiki yangu, atasema Kiswahili kinatosha: mbona tusiseme jiwe la juu na jiwe la chini, tukaelewana wote, Wahunde, Wanyanga, Wanyarwanda, Watembo, bila mtu kuuliza nani alifika kwanza? Katika nchi ambayo majina ya makabila yamewaua watu, hoja hiyo si ya kuchezea. Lakini nadhani kinyume chake kinawezekana. Karatasi moja yenye jiwe moja na majina manne kando kando, yote yakiwa na heshima sawa, na chini yake jina la Kiswahili chetu, inaonyesha kwamba wote walisaga mtama uleule, muhogo uleule na pilipili ileile. Sijaona hotuba ya amani iliyosema hivyo kwa maneno machache namna hiyo.

Basi ninachoomba ni kidogo. Kitivo kiruhusu kazi ya mwisho wa masomo iwe juu ya chombo kimoja tu, na isihesabiwe kuwa nyepesi kuliko kazi ya methali. Kila chombo kiandikiwe kama wakusanyaji wa bilauri wanavyoandika vyao: sehemu zake na majina ya kila sehemu, kimetengenezwa kwa nini na nani, kilipatikana mto gani ikiwa ni jiwe, vitenzi vyake, mlio wake, nani haruhusiwi kukishika, kinaharibika wapi kwanza, na nini kinasemwa kikivunjika. Majina yaandikwe pamoja na toni, maana Kinyanga na Kihunde bila toni ni kutwanga maji kinuni. Kazi ianze na watu waliohamia mjini, wanaofikika kwa miguu kutoka hapa, na barabara ikifunguka tuende. Karatasi ziandikwe kwa Kiswahili kwanza na Kifaransa baadaye, ili mwenye jiwe aweze kusoma alichoandikiwa. Na siku itakapofika mtu wa Kinshasa au wa Tervuren atuulize kitu namba fulani kati ya zile 84,000 kinaitwaje huko kilikotoka, tuwe na la kumjibu.

Muhula ujao swali la kwanza la hojaji, kama mwalimu wa somo la utafiti atakubali, liwe hili: lile jiwe dogo la pilipili na munyu, ambalo halisagi kitu kingine, nyumbani kwenu linaitwaje, na lile linaloshikwa mkononi juu yake lina jina lake au halina?